Namna ya Kutazama Michoro ya Mchongaji Bila Kuipita Mbio

Wageni wa makumbusho wana ugonjwa mmoja ambao kila mlinzi wa ukumbi anaujua. Mtu akishaiona sanamu kubwa, akaizunguka, akapiga picha mbele yake na nyingine ubavuni, kwake ziara imekwisha. Chumba kinachofuata kikiwa na picha ndogo za penseli ukutani, mwendo hubadilika papo hapo. Yule aliyekuwa akitembea kwa madaha sasa anatafuta choo, chai au duka la vikumbusho. Anaingia kwa mlango huu, anatokea kwa ule, na akiulizwa ameona nini anajibu kuwa humo mlikuwa na “michoro tu.”

Mwongozo huu ni wa kumtibu mgeni huyo, na kama ni wewe, karibu sana. Dawa yenyewe ni michoro ya hospitalini ya Barbara Hepworth. Alikuwa mchongaji wa Kiingereza, aliyezaliwa Wakefield, Yorkshire, mwaka 1903 na kufariki mwaka 1975 huko St Ives, Cornwall. Dunia inamjua kwa mawe na shaba: maumbo laini, ya mviringo, yenye tundu katikati. Wachache wanajua kwamba kati ya mwaka 1947 na 1949 alisimama ndani ya vyumba vya upasuaji na kutoka humo akapata picha karibu 80 za madaktari na wauguzi wakiwa kazini. Makumbusho ya The Hepworth Wakefield, yaliyofunguliwa mwaka 2011 katika mji huo huo alikozaliwa, yalikusanya zaidi ya 30 kati yake na kuzionyesha kuanzia Oktoba 2012 hadi Februari 2013. Baadaye maonyesho hayo yalipelekwa Chichester na Kent. Kwa maoni yangu zile ni miongoni mwa picha bora zilizowahi kuchorwa kuhusu kazi ya mikono, na anayezipita kwa dakika tano anajidhulumu.

Kabla ya kuingia

Anza kwa kuzipa sanamu kubwa kisogo. Najua ni vigumu. Pale Wakefield kuna kielelezo cha Winged Figure, ile sanamu iliyopachikwa kwenye ukuta wa duka la John Lewis, Oxford Street, London, mwaka 1963. Ni cha alumini, kina urefu wa karibu mita 6, na hakuna mtu anayeweza kujifanya hajakiona. Kitazame ukimaliza. Hakiendi popote. Jicho lililokwisha kushiba kitu cha mita 6 halina tena njaa ya kutazama mstari wa penseli, kwa hiyo lipeleke kwenye michoro likiwa bado na hamu.

Halafu ijue habari ya mtoto. Hepworth na mume wake wa pili, mchoraji Ben Nicholson, walipata mapacha watatu mwaka 1934. Mwaka 1939, vita ikikaribia, walihama London na kwenda St Ives. Nyumba ilikuwa finyu, nafasi ya kuchonga haikuwepo, watoto walikuwa wadogo, na kwa muda mrefu mama huyo aliweza kufanya kazi yake usiku tu, kwa penseli na rangi. Kumbuka hilo kila unapojaribiwa kufikiri kwamba mchongaji huchora akichoka kuchonga. Kwa Hepworth, kuna miaka ambayo mchoro ndio uliobeba uchongaji mzima.

Mwaka 1944 mmoja wa mapacha hao, binti, aliugua maambukizi ya ndani ya mfupa. Alitibiwa katika hospitali ya mifupa ya Exeter, chini ya daktari mpasuaji Norman Capener. Mzazi yeyote aliyewahi kukaa wodini na mtoto aliyefungwa plasta ngumu anajua namna daktari anavyogeuka kuwa mtu wa nyumbani. Capener na familia ile wakawa marafiki, na mwaka 1947 daktari akamwalika mchongaji aje aone upasuaji kwa macho yake.

Hepworth mwenyewe aliandika baadaye kwamba mwanzoni alitarajia hatalipenda jambo hilo. Alipoingia, wasiwasi huo haukudumu. Alichokiona ni kundi la watu waliojitoa kabisa kwa kazi moja, kila mmoja akijua zamu yake, miili yao ikijipanga yenyewe kuzunguka meza. Akarudi tena na tena, Exeter na London pia. Chumbani alichora haraka kwenye daftari, na picha kamili akazifanyia studio kwa msaada wa daftari hilo na kumbukumbu. Mkutano kati ya mchongaji na daktari ulianza kwa ugonjwa wa mtoto, na habari hiyo inapaswa kuwa kichwani mwako unapotazama picha ambazo ndani yake hakuna mtoto hata mmoja.

Ukifika mbele ya picha

Usisome kwanza karatasi ya maelezo. Wako watu ambao husoma maelezo kwa dakika mbili, huinua macho kuhakiki kwamba picha ipo kweli, kisha huhamia kwenye maelezo yanayofuata. Hao wangebaki nyumbani wakasoma kitabu, wangeokoa nauli. Tazama kwanza. Ukishajiuliza maswali yako mwenyewe, ndipo usome.

Sasa sogea. Weka mikono nyuma ili mlinzi asipate presha, kisha inamisha kichwa pembeni kidogo uone mwanga unavyopita juu ya uso wa picha. Hapo utagundua jambo ambalo picha ya simu haiwezi kukuonyesha: uso huo una makovu.

Maana Hepworth hakuchukua karatasi akachora juu yake na kumaliza. Alichukua ubao na kuupaka rangi nyeupe nzito, tabaka juu ya tabaka, kama fundi wa nyumba za mawe anavyopaka ukuta chokaa. Juu ya weupe huo akatandaza rangi ya mafuta iliyozimuliwa: buluu, kijani, kijivu, kahawia. Kisha akasugua. Kisha akachukua wembe akakwangua, hadi weupe wa chini ukajitokeza pale alipoutaka, kwenye mkunjo wa joho, kwenye ukingo wa kofia, kwenye kifundo cha kidole. Mwisho ikaja penseli, mstari mwembamba na wa uhakika, usiotetereka.

Fikiri maana yake. Mchoraji wa kawaida akitaka mwanga huongeza rangi nyeupe. Hepworth alitaka mwanga akaondoa kilichoufunika. Huko ni kuchonga. Aliyezoea kupunguza jiwe mpaka umbo litoke ameingia kwenye ubao mwembamba na kupunguza rangi mpaka daktari atoke. Ndiyo maana watu wale wana uzito ambao hauelezeki kwa penseli peke yake; majoho yao yanasimama, mabega yao yana ujazo, na mtu anatamani kuzunguka nyuma ya fremu aone upande wa pili. Jizuie. Nyuma kuna ukuta.

Picha hizi pia zina harufu ya Italia ya kale, na hiyo haikuja kwa bahati. Hepworth aliishi Florence na Rome kati ya mwaka 1924 na 1926, akajifunza kuchonga marumaru kwa fundi wa huko, Giovanni Ardini, na akaona kwa macho picha za ukutani za Giotto na Masaccio. Weupe ulio chini ya rangi, watu waliosimama wazito na kimya, nyuso zinazoelekea mahali pamoja: yote hayo aliyabeba kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya kuyatoa hospitalini.

Mikono

Hapa ndipo pa kukaa. Kama makumbusho yameweka benchi, keti.

Hesabu mikono katika picha moja, uitafutie wenyewe. Huu wa nani? Ule je? Kuna picha ya mwaka 1948 inayoitwa Concentration of Hands, na jina lake lingetosha kuwa jina la maonyesho yote. Watu wa chumba cha upasuaji wamevaa joho, kofia na barakoa. Hakuna nywele, hakuna kinywa, hakuna tai wala kidani cha kukuambia nani mkubwa na nani mdogo. Yamebaki macho na mikono. Kwa mchongaji hiyo ni zawadi, maana kila kitu cha kupamba kimeshaondolewa kabla hajaanza.

Angalia macho yanakwenda wapi. Yanashuka, yote, mahali pamoja, na mara nyingi mahali penyewe huoni. Hepworth alisimama mbele ya nyama na mifupa iliyofunguliwa, na bado hakutuchorea jeraha. Damu haipo. Mgonjwa ni shuka, au yuko nje kabisa ya fremu. Mtu anayependa mambo ya kutisha ataondoka amenuna, na aende salama. Anayebaki ataona kwamba mchoraji amechagua kutuonyesha uangalifu wenyewe: namna kidole kinavyoshika kifaa bila kukikaba, namna mkono wa muuguzi unavyokuwa tayari kabla haujaitwa.

Sasa zijie picha za masikio, ambazo ndizo ninazozipenda kuliko zote. Mwaka 1948 Hepworth alitazama upasuaji uliokuwa ukifanyiwa watu ambao kifupa kidogo cha ndani ya sikio kimekakamaa na hakipitishi tena sauti. Daktari alikuwa akitoboa dirisha jipya, dogo mno, kwenye mfupa wa sikio la ndani ili sauti ipate njia. Moja ya picha hizo, Fenestration of the Ear (The Hammer), iko katika makusanyo ya jumba la sanaa la Tate, Uingereza.

Kumbuka anayetazama ni nani. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Hepworth alitoboa tundu katika umbo la alabasta, na tangu hapo tundu likawa saini yake. Jiwe likaacha kuwa bonge, likawa na ndani na nje, likapitisha mwanga na upepo. Miaka kumi na kitu baadaye anasimama ndani ya barakoa akimwona mtu mwingine, mwenye zana zinazofanana na zake, akitoboa mfupa ili binadamu asikie. Yeye mwenyewe aliandika kwamba kazi ya mpasuaji na ya mchongaji ni ndugu. Anayefanya kazi ya mifupa ana nyundo, ana patasi, ana msumeno, na ana sharti lile lile linalomnyima mchongaji usingizi: ukishaondoa, hakuna kurudisha. Ukisimama mbele ya picha ya sikio ukiwa na habari hii, dakika tano zitakwisha kabla hujafika kwenye kona ya chini.

Kuna jambo moja zaidi la mikono. Hepworth aliuona mkono wake wa kushoto kuwa ndio unaofikiri, ule unaopapasa jiwe na kulisikiliza, huku wa kulia ukishika nyundo na kufanya kazi ya nguvu. Rudi kwa madaktari ukiwa na wazo hilo. Utafute mkono unaofikiri katika kila picha. Mara nyingi ni ule usioshika kitu chochote.

Mambo ya kuacha nje pamoja na mwavuli

Acha neno “rasimu.” Michoro hii haikuwa hatua ya kuelekea sanamu fulani. Ilikuwa kazi iliyokamilika. Mwaka 1948 ilionyeshwa London katika jumba la sanaa la Lefevre, miezi michache kabla ya Uingereza kuanzisha huduma yake ya afya ya taifa Julai 5 mwaka ule ule, wakati nchi nzima ilikuwa ikizungumza juu ya nani atamtibu nani na kwa fedha ya nani. Picha ya madaktari na wauguzi wanaofanya kazi kama mwili mmoja haikuwa pambo katika mwaka huo.

Hata hivyo sanamu zilinufaika. Mwaka 1951, kwa tamasha la taifa la Festival of Britain, Hepworth alisimamisha Contrapuntal Forms, watu wawili wakubwa wa mawe walioelekeana. Mwaka huo huo akafanya Group I (Concourse), kundi la watu wadogo wa marumaru waliosimama pamoja juu ya sinia moja la jiwe, kumbukumbu ya watu aliowaona wakikatiza uwanja wa San Marco, Venice. Kabla ya hapo umbo lake lilizoea kusimama peke yake, au wawili, au mama na mtoto. Naamini jicho lililowaona wapita njia wa Venice wakiwa kundi lilifundishwa kuona hivyo kwenye meza za Exeter.

Acha pia “hata mwanangu angeweza.” Mpe mwanao ubao, rangi na penseli, wembe ubaki nao mwenyewe, uone.

Na acha kumlinganisha na mchongaji mwenzake Henry Moore mpaka umalize kuwatazama wote wawili. Ulinganisho huo hauepukiki: Moore alizaliwa Castleford, jirani na Wakefield, wakasoma pamoja Leeds na London, na yeye pia alikuwa na michoro iliyomshtua kila aliyemjua kwa sanamu. Mwaka 1940 na 1941, mabomu yakiangukia London, Moore alichora watu waliokimbilia kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi, akitumia kalamu za nta zinazosukuma maji ya rangi pembeni. Ni michoro mikubwa kwa maana zote, na imepata sifa yake. Lakini Moore aliwachora waliolala na waliokuwa wakisubiri. Hepworth aliwachora walio macho, kazini. Anayetaka kujua Uingereza ilipitaje kutoka kwenye vita hadi kwenye kujijenga upya anahitaji kuziona zote, na bado Moore ndiye anayetajwa, Hepworth anasahaulika. Hilo lirekebishwe, na wewe unaweza kuanza leo kwa kuwatajia wengine jina lake.

Kwa msomaji wa Kiswahili anayeuliza yanamhusu nini

Yanamhusu. Mbele ya makao makuu ya Umoja wa Mataifa, New York, imesimama sanamu ya shaba yenye urefu wa mita 6.4 na tundu la mviringo upande wa juu. Inaitwa Single Form, ilizinduliwa Juni 1964, na ni ya Hepworth. Aliitengeneza kwa kumbukumbu ya rafiki yake Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu aliyekufa Septemba 1961 ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola, akiwa njiani kwenda kuzungumzia kusitisha vita Katanga. Watu wa Lubumbashi, jiji la Katanga hiyo hiyo, wanayo sababu ya kuijua sanamu hiyo kuliko wengi wanaopita mbele yake kila asubuhi.

Mtu aliyeiona Single Form tu ataona jiwe la kaburi la heshima. Aliyeanza na michoro ya hospitalini ataona zaidi. Hammarskjöld, kama wale madaktari, alikuwa mtu aliyeinama juu ya kitu kilichovunjika akijaribu kukiunga pamoja na wenzake. Hepworth aliwaheshimu watu wa namna hiyo maisha yake yote, na mahali alipoanza kuwachora ni pale mezani, chini ya taa, daftari mkononi.

Ukitoka

Michoro haikai ukutani mwaka mzima. Karatasi huumizwa na mwanga, kwa hiyo makumbusho mengi hupunguza taa, kwa kawaida hadi kiasi cha lux 50, na baada ya miezi michache huirudisha gizani ipumzike. Sanamu ya shaba itakungoja uzeeke. Mchoro haukungoji. Ukisikia mchongaji yeyote, awe mkubwa au asiyejulikana, ametolewa michoro yake ghalani, nenda wiki za mwanzo, nenda asubuhi watu wakiwa wachache, na uanze na chumba hicho. Ukikuta giza kidogo usilalamike kwa mlinzi. Msalimie, umuulize ni picha gani watu wanaipita. Yeye amekaa nazo kutwa na mara nyingi ana jibu.

Na kama nauli ya Wakefield haipo, fungua tovuti ya Tate, utafute Fenestration of the Ear (The Hammer) ya mwaka 1948. Ikuze kadiri kioo chako kinavyoruhusu, hadi uone ulipopita wembe. Anza na mikono.